Binti wa Aliyevuka Lango

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumeanza msimu kwa kufungwa, na bado nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Majani ya kiwanja yamekatwa vizuri, upepo wa ghuba ulikuwa haujaamka, na Vesna alikuja na mkate wake wa tufaha. Merv alinifokea mara chache tu. Kwa nahodha wetu, huko ni kukubusu.

Daftari hili kanipa binti yangu Kerryn. Kasoma mahali kwamba mzee akiandika akili haichakai. Haya basi, naandika, na yeye ndiye atakayesoma. Klabu yetu ya Waunda Meli imebaki na timu moja ya watu wanne: Merv Pascoe, aliyekuwa fundi wa kuunga vyuma; mimi Noelene, mpishi wa kantini; Vesna, aliyekuja kutoka Kroatia akiwa msichana na kushona maturubai mpaka kiwanda cha meli kikafungwa; na Clarrie, ambaye hata leo sijui alifanya kazi gani, maana kila nilipomkuta alikuwa amelala.

Na kwa kuwa Kerryn hajawahi kuuelewa mchezo wenyewe: unaviringisha mpira mzito kwenye majani, na unaosimama karibu zaidi na kipira cheupe ndio ulioshinda. Mpira una uzito zaidi upande mmoja, kwa hiyo unakwenda ukipinda, kama watu wa mji huu. Nahodha anasimama kule mbali penye kipira cheupe na kutupigia kelele tupige wapi. Zamu yake ya kupiga ikifika anakuja upande wetu, na mchezaji wa tatu anakwenda kusimama pale alipokuwa na kumpigia kelele yeye. Wa tatu ni mimi. Kelele ninazo.

Jumapili, 8 Oktoba

Kerryn kapiga simu kutoka Adelaide. "Mama, huko Port Tarrant kumebaki nini?" Nikamwambia, kiwanja. "Na kiwanja kikifungwa?" Nikapandwa na hasira, nikasema kikifungwa nitakuja kukaa kwenye hicho kijumba chako nyuma ya gereji. Akacheka. "Umesema mwenyewe, Mama. Nimekushika neno."

Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Clarrie kaondoka. Mwanawe kamchukua Adelaide kwa sababu ya figo, na hatukuambiwa mpaka asubuhi ya mechi. Tulibaki watatu, hatukuruhusiwa kucheza, pointi zikapewa wageni, nao wakala sandwichi zetu zote bila hata haya.

Sheria ya ligi haina huruma: ukishindwa kukamilisha mechi mara tatu, unafutwa. Na halmashauri ilitupa ardhi kwa sharti kwamba tuwe na timu kwenye ligi. Tukifutwa, kiwanja kinakuwa maegesho ya magari. Magari gani, sijui. Nusu ya maduka yamefungwa na mabasi yenyewe hupita yakiwa matupu.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimegonga milango mpaka vidole vinauma. Vijana wako migodini, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani, na hiyo moja wanalala. Wazee magoti. Jirani yangu aliniambia afadhali aangalie rangi ikikauka.

Jumamosi, 21 Oktoba

Joto limepita nyuzi arobaini, mechi zote zimefutwa. Mungu katukumbuka.

Jumatatu, 23 Oktoba

Kijana kutoka Melbourne alikuwa mtaani kwetu na kamera kubwa, anapiga picha madirisha yaliyovunjika ya ofisi ya zamani ya kiwanda. Akaniuliza kama inanihuzunisha kuishi kwenye mji uliokufa. Nilikuwa nimebeba samaki wa jirani, wamevuliwa asubuhi ileile, na kasuku walikuwa wanapiga makelele juu ya waya. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nakwenda kukaanga samaki. Maiti hawakaangi." Akataka kunipiga picha. Nikamwambia anisubiri nivae kofia.

Ijumaa, 27 Oktoba

Tumepata mtu! Anaitwa Robyn Sadler, umri wake kwenye sitini, kastaafu benki huko Perth na karudi kuishi hapa. Alikuja mwenyewe, mipira yake mkobani. Nilimwangalia akipiga mara tano, nikataka kupiga magoti. Vesna akaninong'oneza, "Mfungie mlango kabla hajatoroka."

Jumamosi, 28 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tulicheza vizuri mno. Robyn alikuwa wa kwanza kupiga, na Merv huko mbali alikuwa anapiga makofi, kitu ambacho sijakiona tangu mkewe Joyce akiwa hai. Mpaka mapumziko ya chai tulikuwa tunaongoza. Tukaketi. Merv akasukuma sahani ya keki mbele ya Robyn na kumuuliza swali ambalo kila mtu hapa huulizwa: "Na wewe ni wa kina nani, bibie?"

"Sadler ni jina la mume wangu wa zamani," Robyn akasema. "Mimi ni Lidgerwood. Wa Mtaa wa Cowper."

Merv akaweka kikombe chini taratibu. Akairudisha ile sahani ya keki upande wake. Akainuka, akachukua mkoba, akaenda zake. Vesna alimkimbilia mpaka kwenye gari. Wapi! Tumeshindwa kumaliza mechi. Hiyo ni mara ya pili.

Kerryn, wewe ulizaliwa baada ya mgomo mkubwa, lakini unajua. Wanaume wetu walikaa nje ya lango majira yote ya baridi, tukala viazi na jamu, na Stan Lidgerwood akavuka lango akaingia kazini. Aliyevuka lango hasemeshwi, yeye wala wanawe. Akiingia baa, watu wanafudikiza bilauri. Stan alipokufa, waliolibeba jeneza lake walitoka mji mwingine.

Nami niseme kweli: Robyn alipolitaja lile jina, nami nilivuta kiti changu mbali naye kidogo.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimekwenda kwa Merv. Alikuwa anamwagilia nyanya, hakugeuka.

"Usinianze, Noelene."

"Sijasema kitu."

"Unapumua kama mtu anayetaka kusema. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Huyo nyoka alikuwa na miaka sita, Merv! Alikuwa hajang'oa hata jino."

Akamwaga maji mpaka nyanya zikaogelea. Nikamwambia mambo yalivyo: wanne wapo au kiwanja hakipo. Majani yale aliyapanda yeye na wenzake, jioni baada ya kazi, bado wana masizi usoni. Nikamwambia kiwanja kikienda, mimi kwangu ni kijumba cha Kerryn nyuma ya gereji, nikisikiliza magari ya Adelaide mpaka nife.

"Kucheza nitacheza," akasema. "Kusema naye, sisemi."

"Wewe ndiye nahodha! Nahodha kazi yake ni kusema!"

"Utasema wewe. Kelele unazo."

Jumamosi, 4 Novemba

Kituko. Merv kasimama kule mbali, Robyn yuko huku na mpira mkononi, na mimi katikati kama mkalimani wa balozi.

"Noelene! Mwambie huyo mama apige kushoto!"

"Robyn, kushoto."

"Nimesikia, Noelene, mimi si kiziwi."

"Anasema nini?"

"Anasema amesikia!"

"Mwambie vizuri!"

Wageni walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye majani. Tulishinda, hilo ndilo la ajabu.

Jumamosi, 11 Novemba

Tumefungwa. Sauti imenikauka.

Jumamosi, 25 Novemba

Vumbi jekundu kutwa. Mashuka niliyoanika yamegeuka rangi ya tofali. Tumecheza hivyohivyo, tumeshinda, na usoni tulikuwa wa rangi moja wote wanne.

Jumatano, 6 Desemba

Robyn kaja kunisaidia kupiga rangi uzio wa klabu. Anapiga rangi kama anavyopiga mpira, hapotezi tone. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini karudi, watu wote wanaondoka.

"Perth nilikuwa na nyumba kati ya watu wasionijua," akasema. "Hapa angalau wananijua. Hata wasiponisemesha, wanajua ni nani wasiyemsemesha."

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki.

"Baba alivuka lango, sikatai," akasema. "Hakuniambia kwa nini. Hakuwa anasema sana. Ningependa tu siku moja nicheze mpira na mtu aniambie kushoto au kulia kama anavyowaambia wengine."

Nimempenda yule mwanamke. Nimejaribu kutompenda tangu Oktoba, imenishinda.

Jumamosi, 16 Desemba

Mechi ya mwisho kabla ya Krismasi. Ushindi. Keki ya nazi imebaki sahani nzima, nimeila yote mimi.

Jumatatu, 25 Desemba

Kerryn na watoto wako hapa. Tulikwenda gatini kuogelea, tukala kamba wa baharini kwa mikono. Wajukuu hawataki kuondoka. "Bibi, hapa hakuna foleni," mdogo akasema. Nilimtazama mama yake. Alijifanya anatafuta taulo.

Jumamosi, 13 Januari

Leo nimeona jambo na sijamwambia mtu ila daftari hili.

Zamu ya Merv. Mimi nimesimama penye kipira cheupe, nikaacha kumwelekeza kidogo kwa sababu nzi aliniingia mdomoni. Merv akapiga bila kungoja. Mpira ukaenda zake kwenye uwanja wa jirani, ukasimama vizuri kabisa kando ya kipira chao. Watu wakapiga makofi ya kebehi. Merv akacheka nao, akasema mkono uliteleza.

Mkono haukuteleza. Baadaye kwenye chai nilimwona akitafuta sukari kwa vidole, na bakuli liko mbele yake. Haoni. Miezi yote hii amekuwa akipiga kwa kufuata sauti yangu tu.

Jumanne, 16 Januari

Nimemuuliza. Kakana, kanifokea, kisha kakubali. Ni katikati ya jicho, anasema, pembeni anaona kidogo, ndiyo maana mipira iliyo miguuni pake aliweza kutuelekeza. Kuna daktari Adelaide anayechoma sindano za macho. "Nani atanipeleka huko? Gari sasa naendesha mpaka dukani tu, na hata hilo usimwambie mtu." Nimemnyang'anya funguo. Kanitukana matusi ya kiwandani ambayo sikuwahi kuyasikia hata kantini.

Jumamosi, 3 Februari

Tumefungwa, na si hilo. Robyn alipiga mpira wa ajabu, ukapita katikati ya mipira ya wageni kama uzi kwenye tundu la sindano, ukagusa kipira cheupe. Wageni wenyewe walimpigia makofi. Merv akageuka, akasema, "Noelene, mpira huo wa nani?" Anajua ni wa nani!

Robyn akanifuata jikoni. "Mechi ya mwisho nitakuja, kwa ajili yako na Vesna. Baada ya hapo basi. Mimi si mzuka, Noelene. Nimechoka kupitishwa kwenye kinywa cha mtu mwingine."

Bila yeye msimu ujao hatuna wanne.

Jumapili, 4 Februari

Nimewaza usiku kucha. Kinywa cha mtu mwingine ni changu.

Jumamosi, 24 Februari

Yamekwisha. Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Karatasi ya timu naijaza mimi, maana ndimi katibu. Asubuhi nikaandika: wa kwanza Vesna, wa pili mimi, wa tatu, yule wa kumpigia nahodha kelele, Robyn; nahodha Merv. Nikaibandika ukutani. Vesna akaisoma, akanitazama, akafanya ishara ya msalaba.

"Atakuua," akasema.

"Haoni kusoma," nikasema.

Alipoambiwa na mwamuzi, ilikuwa tayari mipira iko majanini. Akanijia mbio. "Umefanya nini, mwanamke?" Nikamwambia sauti imenikauka kwa msimu mzima, daktari kanikataza kupiga kelele. Uongo mtupu, hata daktari hajanigusa. Akauma meno. Nikajua anatafuta mkoba wake. Akishika mkoba ni mara ya tatu, na mimi nianze kufunga vyombo.

Hakuushika. Akaamua kucheza bubu. Kila zamu yake Robyn alisimama kule mbali, mikono kifuani, na Merv akapiga bila kuuliza. Mpira wa kwanza ukaangukia mtaroni kwenye ukingo wa majani, kule usikohesabiwa. Wa pili mtaroni. Wageni wa Port Augusta wakaanza kucheka, kisha wakaacha, maana walianza kuelewa. Hakuna kitu kibaya kama watu kuacha kukucheka.

Mimi na Vesna tulikuwa tunasukuma mlima. Tunachokusanya sisi watatu, Merv anakimwaga. Na hata hivyo, sijui kwa rehema gani, mpaka mzunguko wa mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili tu.

Mpira wa mwisho wa Merv. Kila kitu kimefungana pale penye kipira cheupe, njia iko upande wa kulia, nyembamba. Ningeweza kumwambia kwa neno moja. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, na watu wote wanaonijua wanajua kwamba ulimi wangu hauna breki. Nikaung'ata. Kweli nimeung'ata, una kidonda hata sasa. Vesna kanishika mkono, kucha zimeniingia.

Robyn kimya. Merv kimya. Akainama kupiga, akainuka. Akainama tena, akainuka. Akapangusa mpira kwa kitambaa, mpira ambao ulikuwa mkavu. Kisha akauweka chini kwenye majani.

Nikajisemea, ndiyo hivyo. Anakwenda zake. Nililia hapohapo, sijali nani kaniona.

Lakini hakwenda kwenye mkoba. Alisimama wima kama yuko mbele ya lango la kiwanda, akaweka mikono mdomoni, na akaita kwa sauti ambayo nadhani ilifika gatini:

"Lidgerwood!"

Jina hilo, kwenye kinywa hicho.

"Nipo," Robyn akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kile cheupe kiko wapi? Mimi sikioni. Sioni kitu."

Alisema mbele ya wote. Mtu ambaye hakuwa amemwambia hata mwanawe aliye mbali.

Robyn akateremsha mikono. Akakizunguka kipira, akasimama nyuma yake, miguu pamoja. "Unaniona mimi, mzee?"

"Naona kitu cheusi."

"Hicho ndicho mimi. Lenga upande wako wa kulia, urefu wa mikono miwili kutoka nilipo, mpira utarudi wenyewe. Nipige miguuni."

"Kwa furaha," Merv akasema.

Watu walicheka, na Robyn alicheka zaidi ya wote, huku anafuta macho. Merv akapiga. Mpira ukaenda kulia, mbali, nikadhani umepotea, kisha ukaanza kupinda, taratibu, taratibu, na Robyn anaupigia kelele kama anafukuza mbuzi: "Njoo! Njoo, mwanangu! Njoo kwa mama!" Ukapita kwenye ule upenyo na kumgonga kiatuni.

Tulipata pointi moja. Tumefungwa kwa moja. Mechi imekamilika, timu imekamilika, na kiwanja ni chetu mwaka mwingine.

Kwenye chai Merv aliketi, akapapasa meza mpaka akaipata sahani ya keki. Akaisukuma mbele ya Robyn. "Ulisema urefu wa mikono miwili," akamwambia. "Ilikuwa miwili na nusu." Robyn akamjibu kwamba ana mikono mifupi, hilo si kosa lake.

Jumapili, 25 Februari

Nimempigia Kerryn. Nimemwambia kile kijumba akipangishe.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kidogo alfajiri, ya kwanza tangu Novemba. Mji mzima unanuka udongo uliolowa, na watu wametoka barazani na vikombe vyao kuitazama.

Robyn kampeleka Merv Adelaide kwa daktari wa macho jana asubuhi. Amejitolea mwenyewe. Nilitaka kwenda nao kuamua ugomvi, wakaniambia wote wawili kwa pamoja nibaki nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Wamerudi. Merv kachomwa sindano, ana bandeji jicho moja na hasira kwenye lile jingine, na daktari anasema atapata nafuu. Nilimpa supu, akalala.

Robyn nilimkuta nje, ameketi garini, mlango wazi, hatoki. Nikamuuliza kulikoni. Walinyamaziana njia nzima?

"Anyamaze nani? Tangu Port Augusta mpaka Adelaide, na kurudi. Masikio yananiuma."

"Alikuwa anasema nini?"

"Habari za baba." Alishika usukani kwa mikono miwili. "Walifanya kazi jukwaa moja, kabla ya mgomo. Anasema hakuna aliyeunga chuma kama Stan Lidgerwood. Anasema alikuwa anaimba kazini, Noelene, kutwa nzima, mpaka watu wakamrushia glavu anyamaze."

Nikaingia garini, nikaketi kando yake.

"Nyumbani hakuimba kamwe," akasema. "Nilikuwa sijui kwamba ana sauti."